Naomba ushauri: kumtafuta babu karani Mgoa kwenye nyaraka za serikali ya mkoloni

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Babu mzaa baba alikuwa Mgoa, yaani mtu wa Goa kule pwani ya magharibi ya India, alikuja Mombasa kabla ya vita ya pili akawa karani wa forodha, halafu akahamishiwa boma za bara kama keshia. Nyanya yetu ni Mswahili wa Old Town, hawakufunga ndoa kanisani, kwa hiyo upande ule wa Goa hatutambuliki kabisa. Babu alirudi kwao uhuru ulipokaribia, kazi za ukarani zikianza kupewa Waafrika, na barua zikakatika.

Ninachojua ni kwamba ofisi za Mwingereza, kuanzia reli, posta, forodha mpaka hazina, zilijaa Wagoa, mshahara wao chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika, na Goa yenyewe ilikuwa ya Mreno mpaka Desemba 1961, sasa hapo ndo nachanganyikiwa, karatasi zake za uraia nitafute Lisbon, Panjim (mji mkuu wa Goa) ama London?

Kuna mtu kaniambia nianze na gazeti rasmi la serikali, eti walikuwa wanachapisha majina ya walioajiriwa na waliokwenda likizo. Je, makarani wadogo nao walitajwa ama ni wakubwa tu? Na pale makavazi ya Nairobi faili za wafanyakazi unaombaje kama una jina tu na huna namba? Vitabu vya ubatizo vya parokia za Goa mtu baki anaruhusiwa kuviona?

Aliyewahi kupita njia hii anielekeze tafadhali, hata inbox sawa.