Baba ana saratani ya tezi dume, ameambiwa achague tiba: naombeni ushauri

Mwana_wa_Kilosa:
Habari za jioni wakuu. Baba ana miaka 67, ana presha lakini anatumia dawa vizuri. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ilisoma 14, wakachukua vinyama, majibu yakaja Gleason 3+4 (alama ya ukali wa saratani). Skani ya mifupa haijaonyesha kuenea. Daktari amempa njia mbili: upasuaji wa kuondoa tezi yote, au mionzi pamoja na sindano za homoni (za kushusha homoni ya kiume). Nyumbani hatuelewani. Baba mdogo anasema akatwe korodani yaishe, kama jirani yetu. Shangazi hataki kisu kabisa, kaleta mizizi. Baba mwenyewe kanyamaza. Aliyewahi kuuguza anieleweshe.

Nesi_Mstaafu:
Pole sana mwanangu. Hapo ndugu wanachanganya upasuaji wa aina tatu. Kuna wa kukwangua tezi iliyovimba ili mkojo upite. Huo hautibu saratani. Kuna wa kuondoa tezi yote, ndio aliotajiwa baba. Na kuna wa kuondoa korodani, unaokata homoni ya kiume ambayo saratani hii huitegemea. Daktari Charles Huggins alilionyesha hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini peke yake hudhibiti tu, haumalizi ugonjwa. Hutumika zaidi saratani ikishaenea. Huenda jirani yenu ilikuwa imefika mifupani. Baba yako bado ana nafasi ya kupona, msimpe tiba ya mgonjwa mwingine.

Mzee_wa_Bandarini:
Mimi nilichagua mionzi. Siku tano kwa wiki, unalala mezani dakika chache, huumii. Kilichonisumbua ni kukojoa mara kwa mara na haja kubwa ya ghafla. Sindano za homoni zilinipa joto la ghafla usiku, na hamu ya tendo ikaondoka. Mama watoto ajue mapema, jamani, hili huvunja nyumba kimyakimya.

Dada_Mkubwa:
Mume wangu alifanyiwa upasuaji. Alirudi na mpira wa mkojo, ulipotolewa akawa anavuja kwa miezi. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga yalimsaidia. Nguvu za kiume hazijarudi kama zamani.

Mwana_wa_Kilosa:
Ahsanteni sana. Sasa ipi inaponya zaidi? Na tukisubiri kidogo, haitaenea?

Nesi_Mstaafu:
Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani ilikuwa haijaenea: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine uangalizi wa karibu. Baada ya miaka 15, takriban 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, kundi lolote lile. Wengi wao PSA ilikuwa chini ya ya baba, kwa hiyo msikae mwaka mzima. Ila wiki chache za kuuliza vizuri hazina shida. Muulize daktari: upasuaji kama huu unafanyika hapa mara ngapi kwa mwaka? Sindano ni za miezi mingapi? Bima inalipa zipi? Saratani ikirudi baada ya upasuaji, mionzi bado inawezekana. Kupasua baada ya mionzi ni kugumu zaidi. Mizizi ya shangazi mtajieni daktari, msifiche. Na baba akipata maumivu makali ya mgongo huku miguu inalegea, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Bandarini:
Kaa naye peke yake, kijana, ndugu wakiwa hawapo. Muulize anachoogopa. Mbele ya shangazi hawezi kusema.