Mrejesho: uyoga mweupe wa vichuguuni

Wadau, niliuliza kuhusu uyoga mweupe tuliookota na wenzangu vichuguuni nje ya Dodoma mjini: upo wa aina mbili zinazofanana, upi unaliwa? Jibu limepatikana.

Tulilaza kofia juu ya kioo usiku kucha. Mmoja uliacha unga wa waridi, mwingine wa kijani kilichofifia. Unga huo ni spora, yaani chembe za uzazi za uyoga. Kwenye hadubini, spora za waridi ni ndogo na laini. Za kijani ni kubwa, zenye ukuta mnene na kitundu kwenye ncha.

Wa waridi ni Termitomyces, wenye mzizi mrefu unaozama hadi kwenye kiota cha mchwa. Huu unaliwa. Wa kijani ni Chlorophyllum molybdites, unaotapisha na kuharisha vibaya. Ukiwa mchanga, mikunjo ya chini ya kofia ni myeupe pia, na hapo ndipo panaponitisha. Tumeutupa wote. Tafadhali, msipike kwa kuangalia weupe tu.