Naomba ushauri: wateja wa banda langu la gemu wamegawanyika kwa sababu ya Call of Duty, gemu ya vita vya bunduki

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina banda la gemu hapa Arua, Uganda, TV mbili na mashine mbili za gemu za PS5 (moja bado naidaiwa). Wateja wa kudumu ni bodaboda wa stejini na wanafunzi wa sekondari.

Shida ilianza nilipoweka Black Ops 6, toleo la Call of Duty la 2024. Humo mchezaji anakimbia, anateleza na kujirusha upande wowote, hata kinyumenyume huku anafyatua. Vijana wameipenda mno. Bodaboda wanasema hiyo ni sarakasi, si vita: unamvizia mtu pembeni ya mlango, anakurukia ubavu kwanza, umekufa. Wao wanataka toleo la 2017, WWII (Vita vya Pili vya Dunia), miguu chini, anayejua ramani ndiye anayeshinda.

Ugomvi huu si mgeni. Toleo la 2014, Advanced Warfare, lilileta kuruka mara mbili hewani, wachezaji wengine wakalalamika, na kufikia toleo la 2016, Infinite Warfare, wengi walikuwa wamechoka. Mwaka uliofuata WWII ikarudi ardhini. Mimi mwenyewe nipo upande wa bodaboda, ila pesa ya likizo inatoka kwa wanafunzi.

Nikitenga TV moja kwa kila kundi, foleni ya vijana inafika barabarani na TV ya pili inakaa bure mpaka jioni. Nikigawa kwa saa, bodaboda hawana ratiba, abiria akiita wanaondoka. Wiki iliyopita nusura wapigane, pedi moja ya kuchezea gemu ikavunjika.

Wenye mabanda, ninyi mnafanyaje?