Tebo ya saba ilikutoa jasho? Watu wa Mombasa tupeane uzoefu

Baba Wawili
Jana usiku binti yangu wa gredi foo yuwaniuliza baba, saba mara nane ngapi, na mimi niko na simu mkononi naangalia mpira, nikanyamaza. Si kwamba sijui. Najua ila lazima nianzie chini, sevun wanza sevun, sevun tuuza fotini, nipande hivyo hivyo mpaka nifike, katikati siingii, na huu ni mwaka wa thelathini na kitu tangu nitoke praimari. Mtoto kaona midomo yacheza kacheka kamwita mamake aje atizame.

Nilisoma shule moja hapa Majengo na Kizungu hatukuwa nacho, kwa hivyo "tuu wanza tuu, tuu tuuza foo" tulikuwa twaiimba tu kama wimbo wa harusi, mimi nikidhani "wanza" ni neno la Kihindi, kumbe ni "ones are" ya Kizungu. Tebo zenyewe zilikuwa zimepigwa chapa nyuma ya kitabu cha skwea, wani hadi twelvu, na sku ya testi mwalimu apita ahakikishe vitabu vyote viko sakafuni. Mimi nikajifanya mjanja, nikaandika tebo ya saba kwenye paja chini ya kaptura. Mwezi wa tatu huo, mwalijua jua la Mombasa mwezi wa tatu. Kufika swali la nne nainua kaptura naona wino wa buluu umeenea hadi gotini, namba hakuna hata moja. Nilipata 2 kwa 20 na kwenda nyumbani nikaulizwa mguu umefanyani.

Haya, nyinyi mlijifunza vipi? Na msije na uongo kuwa mlikuwa nambari wani.

Makanga Mstaafu
Mimi hesabu nlianguka vizuri sana lakini tebo ya 14 nakupa nikiwa nimelala. Matatu viti 14, gari ikijaa kwa nauli ya 30 ni 420, kwa 40 ni 560, kwa 50 ni 700, sku ya mvua kwa 70 ni 980. Hiyo hata mwalimu wangu alikuwa haijui manake yao yaishia 12. Kilichonishinda ni yule mama amepakata watoto wawili na watatu amesimama katikati ya magoti yake na yuwataka kulipa nauli moja, hiyo tebo yake sijaiona mpaka leo.

Ng'ambo Likoni
Sisi ni wale wa 2003 shule ilipokuwa bure. Dawati moja twakaa wanne, mmoja akiandika mwengine aninginia. Mwalimu hawezi kumsikiliza mtu mmoja mmoja, kwa hivyo tebo twaimba sote, sauti yafika barabarani, na mimi siri yangu ilikuwa nafungua mdomo tu bila sauti. Nangoja zile nyepesi. Eit wanza eit nalia kama adhana, zikija za katikati nafungua na kufunga mdomo kama changu aliyetolewa majini, halafu EIT TENZA EITII narudi kwa nguvu zote. Mwalimu akanisifu mbele ya watu eti nina bidii 😂

Bi Mahamri
Baba Wawili hiyo 7 mara 8 yako mimi nliijua kabla ya kuanza shule na sikujua kama naijua. Mamangu alikuwa akipika mahamri ya kuuza, saa kumi alfajiri atuamsha, yeye akanda na tui, mimi kazi yangu kupanga. Akishakata vipande nivitandaze juu ya meza kwenye kitambaa, vilale kidogo vifure kabla ya karai. Meza yetu kwa urefu yaingia vipande 8, kwa upana mistari 7, usizidishe vikagusana. Mamangu hakuwa akihesabu kimoja kimoja, atupa jicho tu asema hamsini na sita hizo, lete kitambaa chengine.

Sku moja nikasimama upande wa pili wa meza manake moshi wa jiko ulikuwa unanipiga machoni, na kutizama hivi naona sasa ni mistari 8 ya vipande 7. Nikamwambia mama, zimebadilika. Akaniuliza, umekula ngapi? Sijala. Basi hazijabadilika.

Mwalimu alipokuja kutwambia darasa la tatu kuwa 7 mara 8 ni sawa na 8 mara 7, wenzangu waliiandika tu, mimi nlisikia harufu ya iliki.

Chuo cha Asubuhi
Mimi nilihifadhi tebo kama nilivyohifadhi juzuu, kwa kuyumba. Mwalimu wa hesabu ananiuliza siks naini naanza kuyumba mbele na nyuma, darasa zima lavunjika mbavu. Ukinishika mabega nisiyumbe jibu halitoki.

Mzee wa Boriti
Nyinyi na 12 zenu. Sisi babu yetu alikuwa akipokea boriti za Lamu zikishuka jahazini, na boriti huhesabiwa kwa korja, korja moja ni 20. Kila korja ikitimia aangusha kijiti kimoja kwenye kikapu. Jioni vijiti 7, akwambia 140, na kalamu hajashika.

Jicho Kavu
Mbona hamsemi ukweli, kiboko ndicho kilichowafundisha. Kukosa moja, fimbo moja.

Ng'ambo Likoni
@Jicho Kavu fimbo zilipigwa marufuku 2001 na mimi nikachapwa miaka baada ya hapo, wala tebo sikuijua. Nyumbani nalijua jibu, nikisimama mbele nikiona ule ufito jibu laruka dirishani. Nliyofunzwa na fimbo ni kufungua mdomo bila sauti basi.

Vidole Kumi
Kwani hakuna aliyefunzwa ya vidole? Kunja ngumi zote mbili. Saba imezidi tano kwa 2, inua vidole 2 mkono mmoja. Nane imezidi kwa 3, inua 3 mkono wa pili. Vilivyosimama ni 5, hayo ni makumi, 50. Vilivyolala ni 3 huku na 2 kule, zidisha, 6. Jumla 56. Yafanya kazi kuanzia 6 hadi 10, jaribu 6 mara 7, vitasimama 3 na vitalala 4 na 3, 30 na 12, 42.

Makanga Mstaafu
Nimejaribu nikiwa kwa kinyozi, jamaa kaniuliza namtishia nani.

Bi Mahamri
Ama andika tu 5, 6, 7, 8 kwa mstari. 56 ni 7 mara 8.

Baba Wawili
Wallahi umri wote huu sijaiona hiyo! Nimekimbia kumuonyesha binti, ajibu hiyo twaijua, ticha alitwambia. Kisha aniuliza na tisa mara sita?

Nimeenda uani. Naini wanza naini, naini tuuza eitini...