Naomba ushauri: siku tano kwenye mto Green, Utah. Kayaki mbili au moja ya watu wawili?

Mto_Kimya
Habari za saa hizi wakuu. Niko Denver. Nimepanga safari ya kayaki kule Utah kwenye mto Green. Naanzia kwenye mji unaoitwa hivyo hivyo, Green River, nateremka na korongo la Labyrinth, naunga na korongo la Stillwater, mpaka pale Green unapokutana na mto Colorado. Maji yametulia mwanzo mwisho, hakuna maporomoko. Tuko wawili, mimi na mwenzangu, siku tano, tunalala kwenye mahema kandokando ya mto.
Swali langu ni dogo tu: tuchukue kayaki mbili za mtu mmoja mmoja au moja ya watu wawili? Nimeshatanguliza hela kwa wanaokodisha ila wameniruhusu kubadilisha chombo. Wenye uzoefu karibuni. Matusi wekeni pembeni.

Chumvi ya Uvinza
Siti ya mbele.

Baba Naima
Mkuu, sisi tumevuka bahari kwa ndege ili tusihangaike na maji tena, wewe unalipa uyarudie? Mimi huku Texas mto nauona nikiwa juu ya daraja, na vioo nimefunga.

Mama Kulwa
Kukodi kwa nini? Nunua. Mimi Minnesota nilinunua kayaki mbili za mkononi kwa bibi mmoja wa Kinorwe aliyekuwa anahama, bei ya mboga. Maziwa huku yako kila kona, tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Sasa ziko gereji, mume wangu anahifadhia humo viazi. Lakini wakati ule tulifaidi sana. Nunua mwanangu.

Korongo Kavu
Mto_Kimya, huo mto naujua, niliishi Grand Junction na nimeushuka mara kadhaa. Kabla ya kayaki mbili au moja, jibu mambo matatu. Mnakwenda mwezi gani? Mwenzako ni nani? Na mkifika kwenye makutano mnatokaje?
Nauliza kwa sababu kutoka mjini Green River mpaka Mineral Bottom, mahali pa kutokea mtoni, ni maili 68, na kutoka hapo mpaka kwenye makutano ni maili 52 nyingine. Jumla ni kama kilomita 193. Kwa siku tano ni karibu kilomita 40 kila siku kwenye mto unaotembea taratibu kama mtu anayetoka sokoni. Halafu mchana upepo mara nyingi huvuma kutoka chini kuja juu, unakupiga usoni. Ukiacha kupiga kasia unarudishwa ulikotoka.

Mto_Kimya
Asante mkuu. Ni kiangazi hiki. Mwenzangu ni mtu anayejua maji kuliko hata mimi, hilo lisikupe shida. Kutoka pia si tatizo, rafiki yangu atatufuata na gari. Naomba turudi kwenye swali, mbili au moja?

Korongo Kavu
Kiangazi kina miezi mitatu. Na "mtu anayejua maji" si jina la mtu.

Dada wa Zamu
Mimi ni muuguzi, na mgonjwa akianza kujibu hivi huwa najua kuna kitu chini ya shuka. Sema kaka.

Mto_Kimya
Sawa. Ni katikati ya Julai. Mwenzangu ni baba yangu mzazi, ana miaka 67. Amekuja kututembelea na anarudi nyumbani mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo tarehe haiwezi kusogea. Msianze kunihukumu. Mzee amezaliwa Ukerewe, amevua dagaa na karabai tangu akiwa kijana, ameshinda kwenye mtumbwi miaka ambayo wengi wenu hamjazaliwa. Ana presha kidogo lakini dawa anameza bila kukosa. Mimi namwona huyu mzee baada ya muda mrefu sana, na sitaki amalize likizo akiangalia televisheni kwenye kochi langu wakati mimi niko kazini.

Baba Naima
Mwenzangu kageuka baba. Haya.

Mzee wa Kanda
Kijana, nina umri wa baba yako, nakuambia bila kuficha. Mzazi hapelekwi jangwani kulala chini kama mkimbizi. Mzazi anapelekwa hotelini, anawekewa maji ya moto, anapelekwa kanisani au msikitini akasalimiane na watu. Nyinyi vijana wa Ulaya na Marekani mmechukua starehe za wazungu, mnalala nje kwa hiari na nyumba mnazo. Baba yako alilala nje kwa sababu ya shida.

Nyamasangara
Mzee wa Kanda, shikamoo, lakini hapo nakupinga. Mimi ni wa Ukerewe pia, Nansio. Wazee wetu ukiwaweka hotelini wanaumwa. Baba yangu alipokuja Uingereza siku nzuri kwake ilikuwa ile tuliyokwenda kumwangalia mtu anavua samaki kwenye mfereji, alikaa pale mpaka jioni akimkosoa kimoyomoyo.
Ila Mto_Kimya, niambie ukweli: mzee anajua kuogelea? Nauliza kwa sababu wavuvi wengi ninaowajua mimi hawajui. Wanajua mtumbwi, hawajui maji. Sisi tuliozika watu baada ya MV Nyerere kupinduka pale Ukara mwaka 2018 hatumpandishi mtu chomboni bila jaketi la kujiokolea, awe mvuvi, awe nani.

Mto_Kimya
Enzi zake alikuwa anaogelea. Majaketi yapo, wanaokodisha wanatoa.

Dada wa Zamu
Mimi kuogelea sikuulizi. Dawa ya presha ni ipi? Si lazima uitaje hapa, angalia tu kama ni ile inayomkojosha. Nyingi za wazee zinakuwa na hiyo ndani. Mtu anayemeza dawa ya kukojosha, kwenye joto linalopita nyuzi 38, anapoteza maji na chumvi bila kujua, na kiu ya mtu wa umri huo huwa inachelewa. Anasimama ghafla kutoka kwenye chombo, kizunguzungu, chini. Mpeleke kwa daktari kabla ya safari, daktari amwambie dawa inywewe vipi. Usimpunguzie wewe, na usimwachie aamue mwenyewe, maana wazee wakiona wanakojoa sana safarini wanaacha kidonge kimyakimya.

Chumvi ya Uvinza
Swali la pembeni. Kukojoa kwenyewe huko wanafanyaje? Jangwa si lote wazi?

Korongo Kavu
Unakojoa mtoni. Sicheki, ndiyo utaratibu. Mchanga wa kambini ukikojolewa na kila anayepita, bila mvua, unanuka kama choo cha stendi. Mto ni mkubwa, unabeba. Haja kubwa ni kinyume chake: huchimbi shimo, huachi kitu. Unabeba sanduku la choo linalofungwa, unatoka nalo. Moto nao unawashwa ndani ya sinia la chuma, na majivu unaondoka nayo.

Mzee wa Kanda
Kwa hiyo mzazi wake akojoe mtoni mchana kweupe na mwanawe amekaa mbele. Nimemaliza.

Nyamasangara
Mzee wangu, ziwani kuna choo?

Korongo Kavu
Turudi kwenye chombo, maana mwenye uzi kaliuliza hilo mara mbili. Jibu langu ni kwamba usichukue kayaki hata moja. Pale watu wengi wanakodi mtumbwi wa wazi wa watu wawili, na sababu ni mzigo. Hesabu maji tu: lita 4 kwa mtu kwa siku ni kima cha chini, na Julai ongeza. Watu wawili siku tano ni lita 40, yaani kilo 40 za madumu, na bado hujaweka hema, chakula, deli la barafu, sanduku la choo na sinia la moto. Kwenye vitundu vya kayaki unaingiza nini hapo? Na usitegemee kuchuja maji ya mto. Ni ya kahawia, yamejaa udongo mwembamba unaoziba chujio upesi. Unayachota jioni kwenye ndoo, unayaacha yatuame usiku kucha, asubuhi ndipo unachuja ya juu. Hiyo ni akiba, si mpango.
Mzee wa Ukerewe kwenye mtumbwi wa wazi atakaa nyuma, atakuongoza wewe. Kwenye kayaki atakuwa amefungiwa miguu kama mtoto kwenye kiti cha gari.

Mpelelezi Bila Kibali
Samahani wakuu, niko Muscat, nimeamka usiku nikasoma uzi wote, halafu nikafungua ramani. Huyu jamaa anasema rafiki atawafuata na gari kwenye makutano ya mito. Nimeivuta ramani mpaka simu ikapata moto. Hakuna barabara pale. Ni kuta za mawe pande zote. Mtu aliyelipia chombo hawezi kukosa kujua hilo. Halafu posti ya kwanza "mwenzangu", ya pili "mtu anayejua maji", ya tatu "baba". Tukimbana tena tutaambiwa ni babu. Hii ni chai, tena ya tangawizi.

Baba Naima
Nilihisi! Weka picha ya risiti.

Mama Kulwa
Hata kama ni chai mimi imenifaa. Nilikuwa sijui kuhusu majivu.

Chumvi ya Uvinza
Mpelelezi, watu wanatunga visa vya kuomba michango, hiki ametunga aombe nini, kasia?

Mpelelezi Bila Kibali
Anataka wasomaji. Kuna watu wanaishi kwa hilo. Na huyo Korongo Kavu anavyojibu haraka haraka nani anajua kama si mtu mmoja mwenye majina mawili?

Korongo Kavu
Ningekuwa mimi ndiye yeye ningejichagulia Septemba.
Ila kuhusu barabara Mpelelezi yuko sawa kabisa. Kwenye makutano unatolewa na boti ya injini inayopandisha Colorado mpaka karibu na mji wa Moab, na nafasi unaikata mapema. Ukiikosa, mto hauna huruma: kama kilomita 5 au 6 chini ya makutano kuna Spanish Bottom, na baada ya hapo linaanza korongo la Cataract, maji ya kasi ya kweli. Hakuna kayaki ya kukodi wala mtumbwi wa mzigo unaopita pale ukabaki mzima. Pia kuanzia Mineral Bottom kushuka uko ndani ya hifadhi ya taifa ya Canyonlands, kibali chake ni tofauti na kile cha bure cha Labyrinth, na kina ada. Mto_Kimya, wanaokodisha hawakukuuliza kuhusu boti?

Mto_Kimya
Waliniuliza. Nikawaambia nimeshajipanga. Boti ya watu wawili na mzigo ni hela ambayo sikuwa nimeihesabu, na rafiki yangu ana gari refu linalopanda milima, nikajua tutapata njia. Mpelelezi, risiti siweki, ina jina langu na anwani. Amini usiamini.
Na kwenye makutano si mimi ninayetaka kufika. Mzee ndiye aliona picha, maji ya rangi mbili yanakutana, akasema hicho kitu nataka kukiona.

Korongo Kavu
Sasa nimeamini. Watu wanaosema "tutapata njia" nimewakuta mtoni, wapo.

Dada wa Zamu
Kaka, mzee aliona picha. Je, anajua kwamba atafika pale kwa kupiga kasia?

Mto_Kimya
Nimemwambia tunakwenda na boti.

Dada wa Zamu
Boti ya nini?

Mto_Kimya
Hakuuliza.

Baba Naima
Uwiiii. Mzee anajua ni ile ya Mwanza kwenda Ukerewe, yenye soda na viti!

Nyamasangara
Mdogo wangu, mwambie leo. Ukimwambia ukweli atakubali kabla hujamaliza sentensi, nawajua wale. Ukimfikisha pale ukingoni ndipo ajue, atapanda kwa sababu ya aibu, na mvuvi aliyepanda chombo kwa aibu hatakuambia akichoka.

Mpelelezi Bila Kibali
Chai au si chai, niseme moja la maana. Huku Oman wadi, yaani bonde la mto wa msimu, inaweza kuwa kavu asubuhi, mvua inyeshe milimani usiyoiona, na mchana inabeba Land Cruiser na waliomo. Huko Utah Julai hamna mambo hayo?

Korongo Kavu
Yapo, tena Julai ndipo msimu wake unapoanza, unakwenda mpaka Septemba. Mto wenyewe ni mpana, hautishi sana. Wa kuogopa ni vikorongo vya pembeni. Hema halipigwi kwenye mdomo wa mkondo mkavu hata kama mchanga ni laini na kuna kivuli. Mvua ikinyesha pia ile barabara ya kona kali inayoshuka Mineral Bottom inakuwa utelezi mtupu. Agosti 2010 mafuriko yaliivunja, ikabaki imefungwa miezi kadhaa.
Mto_Kimya, ukinisikiliza: anzia Ruby Ranch, ishia Mineral Bottom. Ni maili 45, kama kilomita 72, kwa siku tano hamkimbizani na mtu. Gari la rafiki yako linafika mpaka ukingoni. Mtapita Bowknot, mto unazunguka zaidi ya kilomita 10 halafu unarudi karibu kabisa na pale ulipoanzia, ukuta mwembamba tu katikati. Yule Powell wa mkono mmoja, mvumbuzi wa Kimarekani, alipita hapo na mitumbwi yake mwaka 1869, na jina la Labyrinth ndiye aliyelitoa. Pigeni kasia kuanzia alfajiri mpaka saa nne asubuhi, kisha kaeni kwenye kivuli cha ukuta mpaka jioni. Mmoja wenu abebe kifaa cha setilaiti, maana simu inakufa mkiacha mji.

Mto_Kimya
Na makutano? Nilisoma kuna njia ya miguu mpaka juu ya genge, unaona mito yote miwili.

Korongo Kavu
Ipo, zaidi ya kilomita 15 kwenda na kurudi, juani, bila maji njiani. Mwezi wa Julai na mzee wa presha? Bora hata hiyo kayaki.

Mto_Kimya
Sawa. Nimewaandikia wanaokodisha, mtumbwi wa wazi, Ruby Ranch mpaka Mineral Bottom. Julai haibadiliki, nimeshaomba ruhusa kazini. Kwa daktari nampeleka Alhamisi. Hilo la kasia namwambia leo jioni, mama akiwa kwenye simu ili nisiwe peke yangu.

Mzee wa Kanda
Mwambie na la choo.

Mama Kulwa
Hapo hapo nilikuwa na swali. Hilo sanduku la choo la kukodi, mnalirudisha vilevile lilivyo?

Korongo Kavu
Hapana mama. Unakwenda kwenye kituo wanakomwaga vyoo vya magari ya kulala, unamwaga, unaosha mwenyewe, ndipo urudishe. Kuna wanaokubali kukuoshea kwa malipo. Uliza kabla ya kusaini.

Mama Kulwa
Lipeni tu waoshe.