Kauli ya 8 ya kipimo cha Rosenberg inaangusha alfa, yaani kipimo cha kauli kuendana (tafsiri ya Kiindonesia)

Swali: Wakuu, natohoa kipimo cha kujithamini cha Rosenberg (kauli 10, majibu 4) kwa wanafunzi wa Yogyakarta, Indonesia. Kauli ya 8, ya kutamani kujiheshimu zaidi, ina uwiano hasi na jumla ya alama. Niifute?

Jibu: Mkuu, usifute bado. Hakikisha umegeuza alama (ya juu iwe ya chini) za kauli hasi zote: 2, 5, 6, 8 na 9. Kama umegeuza, tatizo ni maana: wengi wanaisoma kama nia ya kujiboresha, si kujidharau, kwa hiyo mwenye kujithamini sana naye anakubali. Kaa na wahojiwa 8 hadi 10, kila mmoja aeleze kwa nini amechagua jibu lake. Tafsiri-rejeshi (kurudisha tafsiri kwenye lugha ya awali) haiwezi kukuonyesha hili, maneno yatarudi sawasawa.

Jibu: Na alfa pekee haitoshi. Majibu 4 ni data ya ngazi (yana mpangilio tu), kwa hiyo pima modeli kwa WLSMV, mbinu ya ukadiriaji inayofaa data hiyo, watu 200 au zaidi. Ukiifuta, thibitisha kwa sampuli mpya, kamwe si ileile. Kisha linganisha makabila, Wajava na Wasunda, kuona kama kipimo kinafanya kazi sawa kwao. Ukilazimisha modeli iwe sawa kwa makundi yote mawili, CFI (kipimo cha modeli kuendana na data) isishuke zaidi ya 0.01.

Muulizaji: Zote nimegeuza. Naandaa mahojiano, asanteni.