Mguu mmoja ukivimba ghafla: mliopitia damu kuganda mguuni tupeane uzoefu

MamaWawili_Mamboleo
Habari za jioni wapendwa. Hii stori nimekaa nayo miezi saba na leo naitoa. Niko Kisumu, nilijifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, tukatoka hospitali siku ya nne. Mama mkwe akaja kunilea, kwetu mzazi ni uji na kulala basi, alinitunza vizuri sana na wala simlaumu kwa lolote. Siku ya kumi na moja usiku mguu wa kushoto ukaanza kuniuma huku nyuma kwa kigimbi, nikadhani msuli umekaza. Kufika kesho yake jioni umevimba mpaka paja, una moto ukiugusa, ngozi inang'aa, patapata ya kulia inaingia ya kushoto imekataa kabisa. Mama akachemsha maji ya chumvi akanikanda na kunichua kutoka chini kwenda juu. Jirani naye akaja na yake, ati nimekanyaga dawa imetegwa mlangoni.

Kituo cha kwanza tulichoenda walinipa dawa za maumivu wakasema ni uchovu wa uzazi. Siku mbili baadaye nikivuta pumzi upande wa kulia wa kifua unachoma kama kisu na kutembea kitanda hadi mlango nahema. Bwana yangu akaita teksi usiku huo huo. Hospitali ya pili daktari aliangalia ule mguu tu akasema pigeni dopla sasa hivi, ni ile picha kama ya mimba lakini inaonyesha damu ikitembea kwa mishipa. Bonge la damu lilikuwa kwa mshipa mkubwa wa ndani wa paja, na kipande kilikuwa kimeshamegeka kikaenda kwa mapafu. Nikaanza sindano za tumboni asubuhi na jioni pamoja na warfarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, kila wiki natolewa damu kuangalia INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, iwe kati ya 2 na 3. Kunyonyesha sikuzuiwa. Mtoto ako sawa, mimi niko sawa. Nani mwingine amepitia?

dereva_salgaa
Pole sana dadangu. Mimi naendesha lori Mombasa Malaba, nalala Salgaa. Nilikuwa na tabia ya kunywa maji kidogo ndio nisisimame sana njiani, saa sita saba nimekunja miguu tu. Mguu wa kulia ukaanza kuuma, kemisti akanidunga diklofenaki ya maumivu mara mbili, ikipoa naendelea na safari. Wiki ya pili Nakuru nikashindwa kukanyaga breki, turnboy, msaidizi wangu wa lori, ndiye alinipeleka hospitali, kumbe ni damu imeganda. Nilipewa vidonge vya rivaroksabani, navyo vya kuzuia damu kuganda, miezi mitatu, uzuri wake hakuna kutolewa damu kila wiki lakini bei iliniumiza. Siku hizi kila masaa mawili nashuka nazunguka gari, na nikiwa kwa foleni ya Malaba nainua visigino juu chini pale pale kwa kiti.

kijana_wa_webuye
Nimesoma hii nikalia. Mzee wetu alivunjika nyonga akitoka shamba, akafanyiwa operesheni, akalala nyumbani wiki tatu juu tulimwambia asisumbue mguu. Tulidhani tunamtunza. Asubuhi moja aliamka aende choo akasema hewa haitoshi, akakaa chini, hakufika hospitali. Daktari alitueleza damu iliganda mguuni ikaenda kufunga mapafu. Hadi leo kuna wajomba hawasalimiani, kila mmoja anaona mwenzake alimroga mzee. Mguu wake ulikuwa umevimba siku nne kabla na sote tuliuona.

sista_kakamega
@kijana_wa_webuye pole sana ndugu, hamkujua, na hao wajomba waelezwe hivyo hivyo ulivyoandika. Mimi ni nesi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma tafadhali msichue, bonge linaweza kumegeka lisafiri. Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja mara nyingi ni mambo mengine kama moyo au figo, lakini pia nenda upimwe. Mama akiwa mjamzito hadi wiki sita baada ya kuzaa hatari hii inapanda, na mguu wa kushoto ndio hushikwa zaidi juu mshipa wake pale nyonga unapita chini ya ateri inayoukandamiza. Ukipasuliwa uliza hapo hapo wodini utaanza kutembea lini, na kama unahitaji sindano za kuzuia. Na hizi dawa haziyeyushi bonge, zinalizuia lisikue halafu mwili unalimaliza wenyewe pole pole, kwa hivyo usiache eti maumivu yameisha.

nyanya_kericho
Sista mimi natumia warfarini nimeambiwa nisile mboga kabisa. Sasa nitakula ugali na nini?

sista_kakamega
Kula mama. Sukuma, managu, kunde, zote zina vitamini K ambayo inapunguza nguvu ya dawa, shida inakuja ukikaa wiki bila halafu siku moja ukala sufuria nzima. Kiasi kile kile wiki hadi wiki, basi watakupimia dawa kulingana na chakula chako. Diklofenaki na aspirini za kujinunulia usiguse, utavuja damu. Ukienda kung'oa jino sema mapema. Ukiona choo cheusi kama lami kimbia hospitali.

MamaWawili_Mamboleo
Asante sista. Mguu wangu bado unavimba jioni nikisimama sana kwa duka, na zile soksi za kubana nilinunua kwa kukisia, zinanikata chini ya goti.

dereva_salgaa
Rudisha hizo. Mimi nilipimwa kwa futi ya fundi cherehani, kifundo na kigimbi, asubuhi kabla sijashuka kitandani maana jioni mguu ushavimba unakudanganya.

MamaWawili_Mamboleo
Futi iko, nitapima kesho kabla mtoto hajaamka.